Mkwaju wa Mume Wangu Ndani ya Sahani Yangu ya Pilau

Jamani, leo mume wangu ameitwa mchawi, mtaa mzima ukisikia!

Tangu baharia mmoja wa meli ya vita ya Kijapani amwonyeshe picha ya mti mzee uliodumazwa ndani ya sahani, Abdalla wangu naye ni bingwa. Aling'oa mche wa mkwaju, akaupanda kwenye sahani yangu ya pilau (ndiyo, ile ya harusi), akauviringishia waya na kuuwekea maganda ya mayai, ati mbolea.

Leo asubuhi akautoa barazani upate jua.

Akapita jirani yetu Bi Mwanahawa, ambaye binti yake bado hajaposwa. Kuona mti umefungwa waya, na maganda ya mayai chini yake, akapiga ukelele.

"Abdalla! Kumbe ndiwe uliyemfunga mwanangu!"

Mume wangu akamjibu kwa upole, "La, Bi Mwanahawa. Nimeufunga usikue tu."

Usikue tu!

Watu wakajaa. Wakamlazimisha afungue waya zote, huku wakisoma Ayatul Kursiy. Alipotoa wa mwisho, mti ukaanguka. Mkavu! Umekufa zamani, waya tu ndizo zilizousimamisha. Na yeye kila siku aumwagilia maji na kuusifu.

Nilicheka hadi buibui likanianguka. Nanyi mngejizuia?

Magharibi hii Bi Zuhura wa nyumba ya pili kaja mlango wa nyuma, akaninong'oneza, "Shoga, mumeo hawezi kunifungia wangu asizurure?"

Nikamwambia, "Kufunga, afunga. Lakini akifungacho hukauka."