Makofi Mawili Kwenye Mikoko

Jamani, akili yangu bado inakataa. Siwema, niliyekaa naye meza moja ofisini miaka sita, tumemzika juzi.

Mnaomfahamu mnajua alikuwa anajiandaa na mbio za kilomita themanini, mwezi ujao. Mbio ndefu vile hukimbii peke yako. Unakuwa na crew, watu wa kukutangulia na gari, maji, chumvi na chakula.

Mimi nilikuwa crew chief. Cheo alinipa kwa kikaratasi, katikati ya meeting: "Wewe unapenda kuamrisha watu, njoo uniamrishe mimi."

Dereva wetu ni Karim, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mikindani. Kila Jumamosi alilalamikia mchanga kwenye pickup yake, na kila Jumamosi alikuwa wa kwanza kufika.

Siwema akikaribia kituo chetu cha maji hakuita. Alipiga makofi mawili, pa, pa. Kwao, watu wa asili ya ng'ambo ya Ruvuma, ndivyo wanavyobisha: unasimama nje ya uwanja wa nyumba, unapiga makofi, unangoja ukaribishwe. "Pumzi ya kusema hodi naitoa wapi, shosti?"

Mimi najibu, "Karibuuu!" Karim anafungua maji. Ndipo Siwema anatokea, jasho tupu, meno yote nje.

Sheria niliiandika mimi. Akichelewa dakika kumi na tano, mmoja wetu anarudi kwa miguu kumfuata. Makofi yakisikika, hakuna kurudi, ameshafika.

Jumamosi ile tulianzia Mtawanya alfajiri. Karibu na mdomo wa Ruvuma kuna kijia kinachokatiza mikoko, gari halipiti. Yeye akaelekea kijiani, sisi tukazunguka na barabara kumngojea upande wa pili.

Dakika ya kumi ya kuchelewa, kimya. Mikoko huwa na kelele zake, kaa kwenye tope, ndege. Siku ile hakuna hata mbu aliyelia. Jua lilikuwa kali na mikono yangu ilikuwa ya baridi. Niliogopa, nakiri.

Dakika ya kumi na nne nilikuwa nimeshavaa buti za mvua nimfuate. Pa, pa.

Karibu kabisa, kama hatua ishirini. Karim naye alisikia. Nikajibu karibu, nikavua buti. Karim akamimina maji kwenye kikombe cha bati.

Hakutokea. Tukacheka, Siwema kwa mizaha! "Toka bwana, maji yanapata moto!" Nusu saa nzima tunaongea na miti.

Aliyetokea ni mtu wa bodaboda, kwa barabara. Siwema alianguka mwanzoni kabisa mwa kijia, mbele ya akina mama waliotoka kwenye mashamba ya mpunga. Moyo. Walimpepea, alikuwa bado anapumua. Alikata roho mikononi mwao, sisi tukiwa tunacheka.

Mikokoni hakuingia hata hatua kumi. Sasa mimi nilimkaribisha nani?

Kesho yake tulirudi kuchukua vitu tulivyoviacha. Kikombe kilikuwa kitupu, kimefunikwa mdomo chini, kama alivyokuwa anakiweka yeye akimaliza kunywa. Karim alisema ni upepo. Tangu hapo hataki tuliongelee.

Msibani nilimweleza mama yake yote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulimjibu?"

"Nilimjibu, mama. Nilisema karibu."

"Basi kafika. Lakini mwanangu, mbona hukumfuata?"

Ningemfuata ningemkuta hai. Hilo nitaishi nalo.

Shosti, tukikuharakisha ulikuwa unatujibu, "Kawia ufike." Jana asubuhi, hapa nyumbani Shangani, najiandaa kwenda kazini, nikasikia makofi mawili nje ya mlango. Safari hii sikusema karibu. Nilitoka pekupeku, nikakimbia mpaka barabarani kukufuata. Hapakuwa na mtu.

Ulale salama, Siwema wangu. Ila ukipiga tena, nitatoka tena.