Nundu ya Tairi, Siku Dada Alipokwenda Bweni

Enzi zetu, nyie mliokula ugali wa yanga, ule unga wa njano wa msaada, mnakumbuka, baiskeli ya baba haikuwa ya baba peke yake. Ilibeba wagonjwa, magunia ya mahindi na bibi harusi, na kila mtoto mwenye akili zake alijua kuziba pancha. Siku hizi kijana mwenye ndevu akipata pancha anaisukuma baiskeli hadi kwa fundi, njia nzima anapiga simu apewe pole.

Mimi nilikuwa msichana, lakini baiskeli niliijua kuliko kaka zangu. Kila baba aliponipeleka Korogwe nilichuchumaa kwa mafundi baiskeli wa mtaa wa Manundu nikitazama mikono yao, mpaka baba anivute sikio twende.

Siku ninayoisimulia, dada Mwanaidi alikuwa anakwenda kuanza sekondari ya bweni Moshi, msichana wa kwanza kutoka kijiji chetu cha ujamaa. Treni ilikuwa inapita kituo chetu cha Mnyuzi mchana, na shule ilishasema atakayechelewa kuripoti nafasi yake anapewa mwingine. Asubuhi tukakuta tairi la nyuma limelala chini. Baba akabadilisha tyubu harakaharaka, akibandua tairi kwa mipini ya vijiko vya mama, maana ndivyo tulivyofanya wote. Alipojaza upepo, tairi likaota nundu upande mmoja, kama shavu la mtoto aliyebugia kiazi. Gurudumu halikuzunguka, likawa linakwama kwenye fremu.

Kwetu nundu ilikuwa na dawa moja tu: kuifunga kwa ukanda wa mpira wa tyubu kuukuu. Mpira huohuo ulifunga jembe, mlango na ndoo. Baba akaanza kuuzungusha.

"Baba, ukifunga hivyo itapasuka njiani," nikasema.

"Zena, treni haina mjomba hapa."

Mama alikuwa anamfungia dada mihogo ya kuchemsha kwenye kitambaa. Hakuinua hata kichwa. "Mwache ajaribu. Likipasuka porini, hilo sanduku la bati utalibeba wewe?"

Baba akaniachia. Nikatoa upepo wote. Nilijua kilichotokea: kijiko kilibana tyubu chini ya ukingo wa tairi, ukingo ukashindwa kukaa kwenye rimu. Nikasukuma valvu ndani tyubu ijinasue, nikaliminyaminya tairi pande zote. Tyubu ikaingia mahali pake, lakini ukingo ukagoma, kwa kuwa tairi lilikuwa kuukuu na kavu. Lilitaka sabuni.

Mnaukumbuka uhaba ule. Nyumba nzima ilikuwa na kipande kimoja cha sabuni, nacho kilikuwa ndani ya sanduku la dada, cha kumfikisha likizo. Dada mwenyewe akafungua sanduku, akakikata kwa uzi wa kushonea, akanipa nusu. "Shika, mdogo wangu. Huko nitajisugua kwa dodoki." Nilimpenda siku ile kuliko siku zote.

Nikapaka povu kwenye ukingo, nikajaza upepo kidogo, nikazungusha gurudumu nikiufuata kwa macho ule mstari wa tairi unaokimbia kando ya rimu. Palipozama nikaminya tena. Kisha nikapampu kwa nguvu zangu zote mpaka ukingo ukalia *tap*, ukakaa. Gurudumu likazunguka bila kugusa kitu. Baba hakunisifu, wazee wetu hawakuwa na kawaida hiyo. Alisema tu, "Haya, kaoshe vijiko vya mama yako."

Tulikwenda mbio, baba akisukuma baiskeli, sanduku nyuma, mimi na dada tukitimka vumbini. Tulifika treni ikiwa imeshasimama. Baba alilipitisha sanduku dirishani, dada akapanda, na kabla sijamwambia lolote behewa likaanza kutembea.

Leo mjukuu wangu akisafiri ananipigia simu kila kituo, mpaka namwambia aniache nipike. Nafurahi, lakini nikikata simu nawaza siku ile. Hatukuwa na namna ya kumsikia tena Mwanaidi mpaka likizo. Baba, ambaye asubuhi nzima alikuwa anahimiza haraka, alisimama kando ya reli hata moshi wa treni ulipokwisha, nami nikamshika mkono, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema turudi nyumbani.