App yangu imemfungulisha mama saumu mapema

Leo mama amekula tende jua likiwaka, na kosa ni langu.

App ya nyakati za swala nimeiandika mwenyewe, kwa lugha ya programu niliyoizoea. Jana nikaipa AI irekebishe kitu kidogo tu. Ikasema tayari. Sikukagua, wallahi.

Leo simu imeadhini, mama akafungua saumu. Kisha akachungulia dirishani.

"Mwanangu, mbona yua lingaliko?"

Nikaitazama app: magharibi imewekwa mapema mno.

"Saumu hii nitailipa. Na jirani yetu Bi Zuhura, si ulimtilia na yeye app hii?" mama akauliza.

Nimekimbia mtaa mzima wa Wiyoni nikibisha hodi! Bi Zuhura nimemkuta anatafuna.

Sijui nani mwingine anayo app hii. Jamani, kama unayo, ifute sasa hivi.

Sikilizeni adhana ya msikiti.