Fundi Kishindo na Daraja Lililovunjika

Anayemwona Fundi Kishindo kazini kwa mara ya kwanza hutazama viatu vyake, kwa sababu amevivaa mikononi. Kushoto ni kiatu cha ngozi cha mwanamume mwenye kitambi. Kulia ni kiatu cha kisigino kirefu cha msichana mwenye haraka. Miguuni ana soksi tu, ili asisikike. Ameinama juu ya kibao cha saruji kilichowekwa mezani, na viatu vile vinapishana, vinasimama, vinageukiana. Ukifumba macho utaapa kwamba mbele yako wapo watu wawili wanaopendana, na mmoja wao anaona haya.

Kazi yake ni sauti. Katika kituo kidogo cha redio chenye studio moja, yeye ndiye hutengeneza kila kinachosikika katika mchezo wa Jumapili saa kumi jioni, isipokuwa maneno. Mchele ukimwagwa juu ya sinia, hiyo ni mvua. Mwavuli ukifunguliwa na kufungwa upesi, huyo ni njiwa anayeruka. Ana mlango mdogo unaomfika magotini, umesimama kwenye fremu yake pasipo nyumba yoyote, una kitasa, komeo na bawaba za kubadilisha: za nyumba ya tajiri, za nyumba ya mjane, na zile zisizotiwa mafuta kabisa, kwa ajili ya mambo ya kutisha.

Zamani alikuwa seremala wa makabati. Aliitwa kituoni kutengeneza mlango wa studio uliokuwa ukilia. Mtayarishaji wa michezo, mama mfupi ambaye miwani yake imefungwa kwa uzi, alimsikia akiusukuma na kuuvuta mlango ule, akitafuta kilio kinaanzia wapi, akamwambia, "Usiutie mafuta. Kaa nao hapa hapa." Miaka kumi na moja imepita, na Fundi Kishindo bado hajaondoka. Jina hilo alipewa na mtayarishaji huyo huyo, na siku hizi hata mkewe humwita hivyo akiwa amefurahi.

Mtayarishaji ana imani moja ambayo hakuna wa kumtoa: machozi yaliyorekodiwa yamepoa. Kwa hiyo mchezo hutangazwa moja kwa moja, watu wakisikia kile kile kinachotendeka studio, na kosa likishatoka limetoka.

Kwa miezi minane mchezo ulikuwa juu ya fundi baiskeli aliyempenda binti wa Mwenye Mashine. Huyo Mwenye Mashine alikuwa tajiri wa mashine ya kusaga nafaka, na hakutaka kabisa kusikia habari za kijana mwenye mikono ya grisi. Aliyemwigiza alikuwa shemeji yake Fundi Kishindo, kaka wa mkewe, karani wa posta mpole ambaye akimkanyaga paka humwomba radhi. Lakini mweke mbele ya kipaza sauti! Alinguruma mpaka vikombe vikatetemeka kwenye makabati ya watu.

Jumapili ile mswada ulisema hivi: wapenzi wanatoroka, baba anawafuata; wanafika kwenye daraja la mbao; daraja linalia; wanaogopa, wanarudi. Halafu baba angelainika, na baada ya wiki mbili kungekuwa na harusi. Ilikuwa imepangwa vizuri kabisa.

Daraja la Fundi Kishindo lilikuwa sanduku la mbao la kubebea matunda. Ukiliegemea kwa goti, linalia. Lakini siku hiyo sikio lake la useremala lilimwambia kwamba kilio kile ni cha sanduku, si cha daraja. Akachukua msumeno na, bila kumwambia mtu, akaukata ubao wa katikati hadi nusu ya unene wake. Akajaribu kwa kidole. Ukalia kilio kizuri, chembamba, cha kutia baridi. Fundi Kishindo akatabasamu peke yake kama mtu aliyebusiwa.

Saa kumi na dakika ishirini na tatu, hewani, akaliegemea kwa goti.

Ubao ulipasuka kwa mlio wa bunduki. Goti lilizama ndani, kiwiko kikapiga beseni la maji lililokuwa tayari kwa ajili ya mto, maji yakaruka yakamlowesha kijana fundi baiskeli hadi kwenye kola. Kisha binti akapiga yowe refu, refu mno, likashuka taratibu mpaka likazimika. Naye Mwenye Mashine, macho yamemtoka, akalia kwa sauti ambayo hata yeye hakujua anayo, "Mwanangu! Mwanangu eee!" Mtayarishaji akaweka wimbo wa kufungia kipindi, kwa sababu hakukuwa na kingine cha kuweka.

Hivyo ndivyo wapenzi walivyokufa.

Jumatatu mji mzima ulikuwa na macho mekundu. Simu ya kituo haikupumzika. Mtu mmoja alileta shada la maua, akaliacha ngazini bila kadi. Posta, watu walipanga foleni kwenye dirisha la pili hata ikafika nje, ilhali shemeji amekaa peke yake kwenye dirisha la kwanza, mhuri mkononi, akitabasamu bure.

Na mkewe Fundi Kishindo alimpigia kaka yake simu akamwambia maneno matatu tu: "Usikanyage kwangu tena."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika hasa. Binti yao alikuwa anaolewa baada ya Jumamosi mbili, na mshereheshaji wa harusi, tangu binti akiwa na miaka saba, alijulikana kuwa ni mjomba. Walikuwa wamekwisha kufanya mazoezi ya vichekesho vyote.

Jumatano, Fundi Kishindo alikuwa katika saluni ya mkewe, chumba cha mbele cha nyumba yao, akikaza bawaba ya dirisha ambayo haikuwa na shida yoyote. Alitaka tu kuwa karibu na ghadhabu ile, apime kina chake.

"Mimi namlaumu baba," alisema muuza vitambaa, aliyekuwa kitini, nusu ya nywele imesukwa na nusu imesimama. "Mtoto anakaripiwa, hafukuzwi mpaka mtoni!"

"Na mama yake je?" alipaza sauti mwalimu wa chekechea, kwa kuwa kikaushio kilikuwa kikivuma masikioni mwake. "Miezi minane mama wa binti hajakohoa hata mara moja! Yuko wapi? Amelala?"

"Hatujapata mtu wa kumwigiza," Fundi Kishindo alijibu kutoka dirishani.

"Wewe shemeji kaza dirisha lako," mwalimu alimkatiza. "Mimi nawalaumu hata wenyewe. Daraja linalia, nawe unapita? Ningemwambia kijana: tangulia baba, nikuone kwanza!"

Walicheka mpaka kitana kikaanguka. Fundi Kishindo akaona ni nafasi yake.

"Labda ni daraja tu," alisema. "Mbao huchoka."

"Zimechoka? Basi aliyezipigilia akamatwe!"

"Afungwe! Seremala gani huyo asiyejua ubao mzima na ubao mbovu?"

Bisibisi ikamponyoka, ikamwangukia kwenye kidole cha mguu. Akauma midomo, machozi yakamlengalenga, na wanawake wakaguswa sana kuona jinsi msiba ulivyomwingia.

Mkewe hakucheka wala hakulia. Aliendelea kusuka, akivuta nywele za muuza vitambaa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Mimi wa kulaumiwa namjua tangu utotoni," alisema. "Najua ule ni mchezo, msinione mjinga. Lakini sauti ile haikutoka kwenye karatasi. Nilipokuwa na miaka sita, alimzika mwanasesere wangu nyuma ya jiko, akatoa na hotuba. Akalia kuliko mimi! Mtu akiweza hivyo akiwa mtoto, basi roho ngumu anayo ndani."

Binti yao aliingia kutoka uani, karatasi ya ratiba ya harusi mkononi. Macho yamevimba. "Mama, nimeulizwa tena. Nani atashika kipaza sauti?"

"Baba yako."

"Baba? Baba ataigiza mvua!"

Saluni nzima iliangua kicheko, hata binti mwenyewe, lakini kicheko chake kilikatikia njiani akageuza uso ukutani. Fundi Kishindo aliona mabega yale yakitikisika. Maisha yake yote husikiliza vitu vinavyokaribia kuvunjika, na hiki alikisikia. Akapiga moyo konde, akatoka bila kuaga.

Alirudi amebeba sanduku. Akaliweka miguuni pa mkewe, juu ya nywele zilizokatwa.

"Mke wangu, tazama ubao wa katikati."

Mkewe aliinama. Juu, ubao ulikuwa umepasuka vipande vipande kama meno. Chini, ulikuwa laini na umenyooka: alama ya msumeno. Ni mke wa seremala, hakuhitaji kuelezwa.

"Walikuwa warudi," alisema Fundi Kishindo. "Daraja lilikuwa lilie tu, wageuke. Kaka yako alikuwa alainike. Mimi nilitaka lilie vizuri zaidi. Waliokufa wale nimewaua mimi."

Kikaushio kilizimwa. Mwalimu wa chekechea akatoa kichwa chake polepole kama kobe.

"Nimelia siku tatu," alisema mkewe.

"Najua. Mimi ndiye niliyekuwa nakuletea leso."

"Ukaniletea leso, ukanyamaza!"

"Nilikuwa nazipiga na pasi."

Muuza vitambaa alitoa sauti ndogo puani, akajikaza kisabuni. Mkewe Fundi Kishindo aliinama tena, akapitisha ncha ya kitana juu ya alama ya msumeno. Kisha uso wake ukabadilika, si kwa hasira.

"Hilo beseni lako la mto lilikuwa na maji kiasi gani?"

"Nusu."

"Nusu tu!" Aligeukia wenzake. "Hata mimi nilijiuliza! Chubwi ile ilikuwa fupi. Na sehemu ya nne, mnakumbuka? Si walisema kuna ukame? Mashine ya kusaga imekaa bure kwa sababu mahindi yamekauka?"

"Walisema!" alipiga kelele mwalimu wa chekechea. "Hata bata walihama!"

"Basi ukame gani huo wenye mto wa kuzamisha watu wawili? Tuliwasikia wakianguka. Nani alisikia wakifa?"

Hakuna aliyesikia. Walitazamana, kisha wakaanza kutafuta viatu, kila mmoja akivaa vya mwenzake.

Waliingia studio kwa kishindo ambacho hata mwenye jina hilo hangeweza kukitengeneza: mkewe mbele na kitana, muuza vitambaa na nusu kichwa, mwalimu wa chekechea na taulo shingoni, binti na ratiba yake, na Fundi Kishindo nyuma, kakumbatia sanduku. Wachezaji walikuwa katika mazoezi ya sehemu ya mazishi. Shemeji alipomwona dada yake alijificha nyuma ya kipaza sauti, ambacho unene wake ni wa mwiko.

Fundi Kishindo alikiri tena, na sanduku likapita mkono kwa mkono. Kijana fundi baiskeli alilitazama akasema kwamba yeye hana neno, shati limekauka. Lakini binti wa Mwenye Mashine, ambaye siku za kazi ni mhudumu wa maktaba, aliinamisha kichwa.

"Ningeweza kusema 'nishike mkono,' tukapona," alisema. "Lakini mimi kutwa nawaambia watu wanyamaze. Nilipopata nafasi ya kupiga yowe, nikalipiga lote."

"Na mimi," shemeji alisema kutoka mafichoni, "mswada ulitaka niwafuate huku nikiwaita kwa upole. Nikanguruma. Dada yangu, nisamehe, kunguruma ni kutamu."

Mtayarishaji alivua miwani, akaisokota kwa uzi wake. "Nimepongezwa siku tatu kwa ujasiri wa kuwaua," alisema. "Pongezi zote nimezipokea."

"Basi nyote mmewasukuma," alisema mkewe Fundi Kishindo, "kila mtu kwa kidole chake. Sasa nyote mtawatoa majini." Akamshika mtayarishaji mkono, akamvuta pembeni pamoja na mumewe, akanong'ona. Baba akae peke yake nyumbani, Jumapili. Pasikike hodi mlangoni. Na hapo, jibu la baba lisiandikwe. Pabaki peupe. "Akisema 'nani?' kwanza, basi ni yule yule mzika mwanasesere, na harusini nitamtafutia kiti cha nyuma kabisa. Akisema 'karibu' kabla hajajua ni nani anayebisha, kipaza sauti ni chake mpaka wageni wachoke. Na wewe, Kishindo, ukimdokeza, utalala na sanduku lako."

Fundi Kishindo hajawahi kutunza siri kwa siku nne. Alhamisi alikwepa kupita posta. Ijumaa shemeji alimpigia simu kumuuliza kama dada amepoa, naye akajibu kwa kuigiza mawimbi ya simu mbovu, kisha akakata. Jumamosi alitia mafuta bawaba za mlango mdogo, akazifuta, akazitia tena.

Sasa ni Jumapili, saa kumi na dakika thelathini na moja. Saluni imejaa mpaka barazani. Mkewe Fundi Kishindo amesimama kando ya redio, mikono kifuani, na binti yao amemshika kiwiko. Nje, muuza vitambaa, nywele zimekamilika, amewanyamazisha wapita njia. Studio, shemeji amekaa mbele ya kipaza sauti, na mstari wake ni nafasi nyeupe kwenye karatasi. Mchele wa mwisho umekwisha kuanguka juu ya sinia, mvua imekatika. Viatu viwili, kimoja cha kisigino na kimoja cha grisi, vimepanda ngazi polepole, vikichuruzika maji, vikasimama.

Fundi Kishindo amevivua. Amepiga magoti, soksi tu miguuni, mbele ya mlango wake mdogo usio na nyumba. Mkono wa kushoto uko juu ya komeo. Anamtazama shemeji, shemeji anamtazama yeye, na taa nyekundu inawaka juu yao wote wawili. Anainua mkono wa kulia, anakunja vidole, anabisha mara tatu.

"Hodi," ananong'ona binti wa Mwenye Mashine kwenye kipaza sauti.

Shemeji anafungua kinywa.