Faili Liitwalo Kwetu

Nilitumwa kwa sababu stoo ya hospitali moja ya misheni, ng'ambo ya Mpwapwa, ilibakiwa na maboksi mawili tu ya dawa ya malaria ya watoto. Orodha ya mahitaji ilikuwa ndani ya kompyuta yao, na hospitali haikuwa na intaneti, ila waya tu wa kuunganisha kompyuta zake. Nilitakiwa kuichukua kwenye laptopu, nirudi nayo karakana yetu ya kompyuta Kizota, Dodoma, niitume bohari kwa intaneti kabla gari la dawa halijapakiwa, Ijumaa saa tisa.

Alhamisi alfajiri niliondoka Dodoma kwa lori la mabati. Vumbi liliniingia hadi kooni. Miaka ile kila mtu alisema soko limefunguka. Barabara yenyewe haikuwa na habari.

Saa nane mchana nilifika, mgongo umekufa ganzi. Laptopu yangu ya Linux ilitaka kupewa namba za mtandao za kila mahali. Za karakana nilizihifadhi kwenye faili liitwalo "kwetu". Nikifika naandika jina hilo tu, inajipanga. Za hospitali niliziandika upya, kisha nikachuchumaa chini ya meza kushikilia waya uliolegea. Nilimwomba mtunza stoo, Mama Ndahani, anihifadhie namba hizo kwenye faili.

"Niandike jina gani, mwanangu?"

"Lolote la hapa, mama."

"Mbona inauliza ndiyo au hapana?"

"Weka ndiyo, mama, ndiyo!" Nilikuwa nimechoka hata kuulizwa.

Orodha ikaingia. Nikalala kwa amani.

Ijumaa saa nane na nusu nilikuwa Kizota. Nikaandika "kwetu". Kimya. Nikaandika tena. Nikafungua faili: ndani mlikuwa na namba za hospitali. Mama wa watu naye aliandika "kwetu", yaani kwao, mashine ikamuuliza kama ifute la zamani, na mimi ndiye niliyejibu. Nilijichukia. Namba zetu sikukumbuka hata moja. Ilibidi nizitafute kwenye mashine ya mwenzangu. Orodha ilitoka saa tisa kasoro dakika tatu, na dawa zikapakiwa.

Nilijifunza kwamba "kwetu" si jina la mahali. Faili la karakana sasa linaitwa "kizota". Lile la hospitali sikuligusa. Nilipokwenda tena, nimechoka vilevile, niliandika "kwetu" na laptopu ikaitika papo hapo.

Mama Ndahani akacheka. "Umeona? Karibu nyumbani."