Kamera Aliyoijaribu Néhémie

Watu wa mji wa Baraka, kando ya ziwa, walimwita Papa Foto, hata wale waliosoma naye na kulijua jina lake, Néhémie Wilondja. Kibanda chake cha mbao kilikuwa kwenye njia ya kwenda sokoni, chumba kimoja chenye pazia la maua mekundu na kiti cha wateja, na kwa miaka mingi karibu kila sura ya mji ule ilipita mbele ya pazia hilo. Wanafunzi walikuja kupiga picha za mitihani, wachumba walikuja na nguo za kuazima. Wachimba dhahabu walioshuka kutoka Misisi walikuja wamenyoa, wamevaa viatu vipya, wakitaka picha ya kuwatumia mama zao kabla hawajarudi mashimoni. Wengine hawakutoka tena mle, na picha ile ndiyo iliyowekwa juu ya jeneza.

Kamera yake ilikuwa kuukuu. Uwezo wake wa kujilenga wenyewe ulikufa zamani, kwa hiyo Néhémie alifumba jicho la kushoto, akabandika la kulia kwenye kitundu cha kuchungulia, akazungusha lenzi kwa mkono taratibu mpaka uso wa mtu utoke wazi. Hakuona kuwa ni shida. Alijivunia kwamba vijana wenye simu wanabahatisha, yeye analenga. Kitundu kilipoanza kuwa na ukungu alikifuta kwa pindo la shati, akaendelea.

Kisha akaja Nsengiyumva. Huyu alikuwa mkimbizi Mrundi wa kambi ya Lusenda, fundi cherehani, mtu wa maneno machache. Alikuwa amemleta mkewe na mtoto wao mchanga kupigwa picha, na ilipotoka ikiwa ndogo ya kuweka mfukoni, hakuna aliyelalamika. Mvua zilipokolea, mkewe akashikwa na homa, akafa. Nsengiyumva alirudi Baraka nyuma ya pikipiki, tope hadi magotini, akaomba ile picha ikuzwe ili iwekwe mezani siku ya maombi. Néhémie aliikuza na kumkabidhi bila wasiwasi wowote, maana kwake yeye ilikuwa picha kama nyingine.

Nsengiyumva aliishika kwa mikono miwili. Maua ya pazia yalionekana moja moja, hata nyuzi za kitambaa. Uso wa marehemu ulikuwa kama wa mtu aliyekaa nyuma ya moshi.

"Uso wake uko wapi?" akauliza.

Néhémie aliinamia ile picha, akamweleza kwamba lenzi imezeeka na vumbi limeingia ndani. Nsengiyumva akauliza kama kuna nyingine. Hakukuwa na nyingine, wala mwanamke yule hakuwahi kupigwa picha kwingine tangu wavuke mpaka. Nsengiyumva hakugomba. Aliiviringa ile picha ndani ya kitenge, akashukuru, akaenda kutafuta pikipiki ya kumrudisha kambini.

Baada ya hapo wengine wakaanza kurudisha picha zao. Bibi harusi mmoja aliziacha picha zake mezani akaondoka. Mchungaji wa kanisa lake mwenyewe alimwita kijana mwenye simu siku ya ubatizo, na Néhémie akapata habari hiyo kwa watu wa njiani. Akaichukia kamera yake. Alikuwa akiifungua usiku na mchana, anapuliza, anafuta, anaifunga tena.

Mkewe Pulchérie, muuza ndagala, wale dagaa wakavu wa ziwani, ndiye aliyemtuma mdogo wake Élie amtafutie nyingine. Élie alifanya biashara ya mashua kati ya Baraka na Kalemie. Alirudi na mfuko mdogo mweusi, na ndani yake kamera iliyoachwa na mgeni mmoja wa mashirika ya misaada alipomaliza kazi na kuondoka. Mwenye duka wa Kalemie aliyekuwa akiiuza alikubali ijaribiwe kwanza. Ikifaa, watapatana, isipofaa, irudi na mashua.

"Shemeki, hii apareyi haiko sawa na zingine," Élie alimwambia shemeji yake akimkabidhi kamera. "Inafungukaka vipande."

Ilikuwa kweli. Mwili wa kamera ulienea kiganjani, na mbele, mahali pa lenzi, palikuwa pengo tupu. Lenzi zilikuja mbili, kila moja ndani ya kisanduku chake cha chuma, na kisanduku kiliingizwa kutoka ubavuni kama droo mpaka kikae na kutoa mlio mdogo. Kimoja kilikuwa cha vitu vya karibu, kingine kilivuta vya mbali. Kilichompendeza Néhémie zaidi ni kwamba kila kisanduku kilifungwa pande zote, na nyuma ya lenzi palikuwa na kijisahani chake chenyewe cha kupokea picha. Ukibadili kisanduku umebadili vyote kwa pamoja, na vumbi halina pa kuingilia. Kitundu cha kuchungulia hakikuwapo. Mtu alitazama skrini ya nyuma kwa macho yote mawili.

Alianza kuijaribu kama mtu anayenunua pikipiki iliyokwisha kutumika, bila kuamini kitu. Asubuhi alikwenda ziwani wavuvi wanaporudi, akawapiga wakikung'uta nyavu. Akapiga pikipiki za Misisi zikiingia mjini zimejaa vumbi, abiria wawili na magunia juu. Akaenda nayo kanisani, akakaa nyuma ya kwaya, penye giza. Huko aliona udhaifu wake wa kwanza: kwenye mwanga mdogo ilikawia. Lenzi ilikwenda mbele ikarudi nyuma, ikilia kama mdudu ndani ya kopo, na ilipopata ilichotafuta mwimbaji alikuwa amekwisha kufunga mdomo. Betri nayo ilikata kabla mahubiri hayajaisha. Hata hivyo aliipenda. Ilikaa vizuri mkononi, vifungo vilikuwa pale kidole kilipovitarajia, na weusi wa ngozi haukugeuka kuwa rangi ya majivu kama kwenye simu.

Ila picha zote zilikuwa na ukungu.

Alitoa kisanduku cha karibu akaweka cha mbali. Ukungu ule ule. Akafikiri skrini ndiyo mbovu, akaenda kwa jirani mwenye kompyuta, akazitazama kwenye kioo kikubwa, na bado sura zilikuwa kama zimepakwa mafuta. Alirudi kibandani akakaa kwenye kiti cha wateja, visanduku viwili mapajani. Lenzi aliibadili. Kijisahani alikibadili. Basi kilichobaki ni mwili, akajiambia, mwili ndio wenye kosa. Jioni alimwambia Pulchérie kwamba Élie amedanganywa, na mashua ijayo irudishe takataka hiyo.

Pulchérie alikuwa mlangoni akichambua ndagala. Alijipangusa mikono, akaomba kuona. Néhémie alimwonyesha picha ya wavu uliotandazwa mchangani, na nyuma yake gunia.

"Mi naona muzuri," Pulchérie alisema. "Magamba yenye yamebaki kwa wavu, nayaona."

Néhémie alidhani anamtetea mdogo wake. Ili kumkomesha, alilikuza lile gunia mpaka likajaza skrini, akamwambia asome maandishi yake. Pulchérie akasoma jina la kiwanda cha unga, kisha jina la mji, kisha namba ndogo za chini ambazo hazina maana kwa mtu yeyote. Hakusita popote. Néhémie akachukua kamera, akaisogeza hadi karibu iguse pua. Aliona weupe wa gunia.

Pulchérie alimtazama akifanya hivyo, na mambo ya miezi mingi yakamjia: chai iliyomwagwa kando ya kikombe, birika lililopigwa kikumbo, shemeji yake aliyelalamika kwamba Néhémie amepandisha kichwa, hasalimii watu njiani. Alikuja akasimama mbele yake.

"Papa Aline," alisema, akimwita kwa jina la binti yao mkubwa kama siku zote, "fumba jicho la kushoto. Niambie unaona nini."

Akafumba. Ndilo jicho alilolifumba maisha yake yote ya kazi. Mbele yake, mahali pa uso wa mkewe, palikuwa na doa la kijivu.

"Naona kitambaa chako cha kichwa."

"Na uso?"

Alilifumbua jicho la kushoto. Aliketi, na akiwa pale ndipo alipoelewa habari ya mke wa Nsengiyumva. Siku ile alikuwa amezungusha lenzi mpaka akaona kitu kimesimama wazi, na kitu hicho kilikuwa yale maua ya pazia, kwa sababu yalikuwa makubwa na mekundu, na jicho lake halikuwa na kingine cha kushika.

Walikwenda Uvira kwa mashua, maana barabara ilikuwa na watu wenye bunduki. Daktari wa macho alimwangalia kwa taa yake kwa muda mrefu, kisha akazungumza naye bila kuzunguka. Presha ya ndani ya macho imeua mshipa polepole, bila maumivu. La kulia limekwisha. La kushoto limekwisha nusu. Kilichopotea hakirudi; kilichobaki kitashikiliwa na matone, kila siku, maisha yote. Néhémie aliuliza kama miwani ingefaa. Daktari akasema miwani haisaidii mshipa uliokufa. Ndipo Néhémie akauliza ilianza lini, na alipoambiwa ni miaka, alitikisa kichwa tu, kama mtu anayeambiwa habari za mtu mwingine.

Aliporudi, alipanda pikipiki kwenda Lusenda. Hakumweleza Pulchérie alichotaka kusema huko, na pengine mwenyewe hakukijua. Kwenye nyumba ya Nsengiyumva alikuta familia nyingine. Jirani, bibi mmoja aitwaye Bazubagira, alimweleza kwamba fundi yule alijiandikisha na waliorudi Burundi, akapanda lori na mtoto na cherehani yake. Kijiji gani, bibi hakujua. Néhémie alimshukuru, akamwomba dereva wageuze.

Élie alipokuja kuchukua jibu, Néhémie alikuwa ameisafisha kamera na kuweka kila kisanduku mahali pake mfukoni.

"Ni apareyi ya muzuri," alisema. "Mwambie ule mwenye duka. Ndani ya giza iko polepole, na batri inaisha mbio, atayenunua atafute ya pili. Lakini inapiga kweli. Mi nilisema iko mbaya, sikusema haki."

Élie alitazama dada yake. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba kama kamera ni nzuri basi ibaki. Inajilenga yenyewe, si kama ile ya zamani, haihitaji mtu azungushe chochote. Pulchérie akaunga mkono. Walisema wote wawili, mmoja akimaliza mwingine anaanza, na Néhémie aliwaacha waseme.

"Itatafuta uso yenyewe, sawa," alisema mwishowe. "Mi nitajuaje kama imeupata?"

Néhémie alimsogezea Élie mfuko. Élie akaanza kufunga mfuko, Pulchérie akamzuia. Alimwambia mumewe akae kwenye kiti. Néhémie akasema hana haja ya picha, lakini mkewe hakuondoka mbele yake, na hatimaye akakaa, akanyoosha kola. Pulchérie hakuwahi kupiga picha. Ilibidi Néhémie amwelekeze: abonyeze kidogo, angoje lenzi iache kulia, ndipo amalizie.

"Imetoka?"

"Imetoka."

"Niko namna gani?"

Pulchérie aliitazama skrini. "Umechoka," akasema.

Kamera ilirudi Kalemie, na baadaye walisikia kwamba mnunuzi mmoja wa dhahabu aliichukua kwa ajili ya harusi yake. Matone yalidumu mpaka mwanzo wa mvua. Kisha vita vikafunga njia ya Uvira, mashua nazo zikasimama, na Pulchérie alizunguka maduka yote ya dawa ya Baraka akapata ya macho mekundu tu. Chupa nyingine ya matone ilipofika, jicho la kushoto lilikuwa limebaki na mwanga wa mlango, na vivuli vya watu wanaoupita.

Kibanda sasa amepangishwa kijana anayechaji simu. Néhémie anakaa sokoni na mkewe, sinia la ndagala mapajani, anatoa mchanga na vijiti kwa vidole, na kazi hiyo anaifanya vizuri. Mara mojamoja mchimbaji aliyeshuka Misisi, ambaye hajapata habari, husimama mbele yao na kusema, "Papa Foto, nataka ya kutuma kwetu." Néhémie huinua kichwa upande wa sauti. Pulchérie humwonyesha mtu yule kwa mkono kibanda cha kijana anayepiga picha kwa simu, ng'ambo ya njia, kisha huendelea kupima samaki.