Kidole cha Kuazima

Mjukuu wangu anasomea mambo ya lishe, na si ile ya kuwaambia watu wote wale mboga. Yake ni ya mtu mmoja mmoja. Anasema watu wawili wanaweza kula wali wa sufuria moja, mmoja damu yake itulie, mwingine sukari impande. Kazi yake ni kujua nani ni nani, kisha amwandikie kila mmoja chakula chake. Nilimwambia enzi zetu chakula kilikuwa kimoja, na asiyekitaka alilala njaa. Akacheka, lakini hakuacha kunitazama. Nikajua anataka kitu.

"Kukhu, nahitaji mtu wa kufuatilia wiki mbili. Bila huyo, mwalimu hanipitishi."

"Na huyo mtu ni mimi."

"Ni wewe."

Akaniachia daftari lenye jina langu kwenye jalada, na kamashine ka kupima sukari. Nikila, niandike nimekula nini na kiasi gani. Baada ya saa mbili nitoboe kidole, damu iguse kijikaratasi, niandike namba. "Usihangaike kuzielewa," akasema. "Wewe andika tu." Kisha akarudi mjini kwenye masomo yake.

Sasa niseme ukweli. Nimezaa watoto saba, nimechinja kuku wasio na hesabu, lakini sindano siipendi. Siiogopi. Siipendi. Siku ya kwanza nilikaa na kidole changu juu ya meza mpaka chai ikapoa. Halafu nikachukua vitu vyote nikaenda kwa jirani yangu. Tumekaa ukuta mmoja hapa Kabiria miaka mingi. Ni fundi wa nguo, mwembamba kama uzi wake, na sindano za cherehani zimemdunga mpaka hasikii tena.

"Nipe kidole," nikamwambia.

"Cha nini?"

"Cha shule."

Akanyoosha bila kusimamisha cherehani.

Sikutaka iwe udanganyifu. Kwa hiyo kila nilichokula nilimpelekea na yeye, kipimo kile kile. Chapati mbili kwangu, chapati mbili kwake. Nikangoja saa mbili kwa saa ya redio, nikamdunga, nikaandika.

Shule niliachia darasa la nne, na huko namba kubwa ndiyo ilikuwa nzuri. Ugali na mrenda ulipotupa tisa, tuliinamisha vichwa kama watoto walioanguka mtihani. Chapati na chai ya maziwa zikatupa kumi na nne. Tukapeana mikono.

"Mama, leo tumepita!" akasema.

"Tumepita kidogo. Kesho napika wali na viazi."

"Weka na ndizi mbivu. Huyo mtoto asiaibike."

Tulifika kumi na saba. Nilipiga mstari chini yake mara mbili, mwalimu asije akairuka.

Wiki mbili zilipoisha mjukuu alikuja kuchukua daftari. Alilisoma amesimama, kisha akakaa.

"Kukhu, unaona vizuri? Miguu haifi ganzi?"

"Nakuona unalia. Kwani kuna nini?"

Kesho yake asubuhi alinipeleka kliniki anakofanyia mazoezi, mjini, ghorofa ya tatu, lifti imekufa. Mwalimu wake ni mama wa Kihindi, suti juu, raba chini. Alinishika mkono kama ananisalimia, na kabla sijasema siipendi, alikuwa ameshanitoboa. Tano na nusu. Akapima tena. Tano na nusu. Akatazama daftari, halafu akamtazama mjukuu wangu, si mimi.

"Namba hizi umezitoa wapi?"

"Ni zake, mwalimu."

"Si zake. Mwanafunzi anayejitungia namba siwezi kumkabidhi mgonjwa. Kesho atampa mtu chakula cha kumwangusha."

Miaka minne ya masomo ilikuwa imekaa pale mezani, na aliyeiweka hapo ni mimi.

"Hajatunga," nikasema. "Ni za jirani."

Nikaeleza yote, hata ile mistari miwili. Mwalimu akaweka kalamu chini.

"Alikula ulichokula?"

"Sahani kwa sahani."

"Na zile saa mbili?"

"Kwa saa ya redio."

Akauma midomo. Sijui kama ilikuwa hasira. "Daftari hili limeandikwa vizuri kuliko mengi niliyoyaona. Limekosea mtu tu." Kisha akageuka mkali kweli. Jirani aende kwa daktari leo hii. Na mjukuu alipata mpaka Ijumaa: mwenye damu akikubali, kazi itahesabiwa. Akikataa, aanze upya.

Daktari alimkuta jirani na sukari, akampa dawa. Siku mbili hakunisalimu. Siku ya tatu, anaanika nguo:

"Ulinilisha mpaka nikapita."

"Mtoto hana kosa," nikasema. "Kosa ni langu." Kwangu mimi hayo ni maneno mengi.

Akabana shati kwenye kamba. "Mwite aje."

Alhamisi jioni wakakaa sebuleni kwangu. Nikakaa na mimi. Mjukuu akafunga daftari.

"Kukhu, toka nje."

"Nyumbani kwangu?"

"Saa hizi ni kliniki."

Nilitoka, lakini sikwenda mbali. Sikumsikia akiuliza, "Unakula nini?" Alimuuliza anaamka saa ngapi, anashona mpaka saa ngapi, akichoka mkono unakwenda wapi. Na polepole jirani akaanza kusema: kuna soda chini ya cherehani, kila alasiri, macho yanapochoka. Miaka yote hiyo sikujua, na yeye chai hatii hata kijiko cha sukari! Ningekuwa ndani ningepiga kelele. Mjukuu aliuliza tu, "Ukiinywa unapata nini?" Akangoja. Akangoja mpaka nikabandika sikio mlangoni.

"Napata kupumzika," jirani akasema. "Nikiwa nainywa hakuna anayeniuliza nguo yake."

"Basi tutafute kitu kingine cha kukupumzisha. Cha kwako peke yako."

Halafu mjukuu, bila kuinua sauti:

"Kukhu, toka hapo mlangoni. Tunakusikia ukipumua."

Nikasogea hatua mbili. Ijumaa mwalimu alitia sahihi kwenye daftari, na jina langu juu ya jalada lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja ulionyooka, la jirani likiwa chini yake.